Upande Ule wa Duka

Jumatatu, 3 Februari

Redio imewashwa kabla ya chai. Kawaida yake. Baba Zuhura hawezi kutia uzi kwenye sindano mpaka amsikie Meja. Huyo Meja alikuwa mwanajeshi zamani, au ndivyo anavyodai. Sasa ana kipindi cha asubuhi, watu wanapiga simu, yeye anawakoromea. Nidhamu. Familia. Wauaji wanyongwe. Mume wangu anaitikia kila neno kama yuko kwenye maulidi.

Leo Meja kaja na Kongo. Wanajeshi wa nchi hii wamekufa Goma na maiti zao hazijarudi. Sauti imemkauka kwa hasira, na kwa hilo simlaumu, hao nao wana mama zao. Halafu akageuza. Eti vijana wetu wanakufa kulinda nchi ya watu ambao wako hapa Joburg wanasuka nywele.

Upande wa pili yuko Furaha, msusi. Alikuwa anamsimulia mteja jambo, akakatiza katikati.

Duka letu lina mlango mmoja na pande mbili, katikati ubao. Kushoto sisi na vyerehani vyetu, kulia Furaha na saluni yake. Anatoka Bukavu. Redio ni yetu lakini ubao hauzuii kitu, anasikiliza apende asipende. Mama yake bado yuko kule, na waasi wanasemekana wanaelekea huko.

Nimepunguza sauti. Baba Zuhura kaongeza.

Jumatano, 5 Februari

Kongo tena. Meja hajui wimbo mwingine wiki hii. Serikali imelala, mipaka ni chujio, rudisheni vijana wetu na wao warudi kwao. Wapigaji simu wanashindana nani mkali zaidi. Wanaosema Kizulu Zuhura ananitafsiria. Kazaliwa hapa huyu, Kiswahili anakisikia vizuri lakini anajibu anavyotaka. Yule wa mwisho hakumtafsiri. Nikamwuliza kasema nini. Hamna kitu, Ma. Akaondoka kwenda shule bila kumaliza mkate.

Baba Zuhura kachukia. Si kwa matusi! Kachukia kuchanganywa. Chakula cha jioni kizima ni hilo tu: sisi si Wakongo, sisi ni Watanzania, askari wetu nao wako kule na wengine wamekufa, huyu Meja hana habari, ni mtu wa haki, akielezwa ataelewa.

Nimemwambia akae kimya. Nimemwambia hao watu hawaangalii pasipoti. Akaniambia mimi naogopa kila kitu. Kweli, naogopa. Wewe je, nani kakudanganya kwamba ushujaa ni kupiga simu redioni?

Alhamisi, 6 Februari

Kapiga.

Sikujua. Nilikuwa nimeinama napiga pindo la sketi, nasikia sauti ya mume wangu mara mbili, moja hapa nyuma ya vitambaa, nyingine redioni. Nikadhani nimechanganyikiwa.

Kiingereza chake kilikuwa kizuri, nisimwonee. Lakini ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga hawezi kusema shida yake kabla hajajitambulisha mpaka nyumba ya tatu. Akamsalimu Meja. Akawasalimu wasikilizaji. Akawauliza hali zao na za familia zao. Akasema yeye ni Salim, fundi cherehani, Jeppestown, mkabala na wauza matairi, mlango wa buluu, ukiingia kushoto ni yeye, kulia ni saluni ya dada wa Kikongo, watu wema kabisa, na wote karibuni sana, chai ipo.

Meja alimwacha aseme. Hajawahi kumwacha mtu aseme kiasi kile.

Ndipo akaeleza la Watanzania, kwamba sisi hatuna shida na mtu, vita ile si yetu, tusichanganywe. Meja akamshukuru. Akasema huyu ni mgeni mwenye adabu. Akarudia polepole, kama mtu anayeandikisha: Jeppestown, mkabala na matairi, mlango wa buluu, kulia. Akasema mmesikia, hata Waafrika wenzao hawataki kuhesabiwa nao.

Baba Zuhura alitoka nyuma anatabasamu. Anasubiri nimsifu. Nikamwambia umetoa ramani. Hakuelewa. Kwao ukimtaja jirani yako bila kukaribisha watu kwake, umemtukana. Kwetu pia. Nami ningekaribisha vilevile labda, ndiyo maana nimezidi kukasirika.

Furaha alikuwa na mteja chini ya mashine ya kukaushia nywele. Alicheka kidogo kwa sauti. Akasema, "Papa Salim, sasa tutapata wateja."

Ijumaa, 7 Februari

Wameirudia sauti yake. Wamekata salamu zote, wamekata watu wema, wamekata karibuni. Imebaki Jeppestown, mlango wa buluu, kulia Mkongo, tusichanganywe.

Baba Zuhura alikuwa anakunywa chai. Kaiweka chini. Kaenda msikitini mapema.

Jumatatu, 10 Februari

Kijana mmoja kasimama ng'ambo, kwa wauza matairi. Kapiga picha mlango. Hakujificha. Kapiga ya pili kwa karibu, akanisalimia, "Sharp, Mama," akaondoka. Nimemwitikia! Mdomo wangu huu unaitikia salamu kabla ya akili kuamka.

Nimemweleza Furaha. Hakuna haja, alimwona kwenye kioo chake. Alikuwa anasuka, hakuacha hata msuko mmoja. Aliniuliza tu kama simu yangu inaweza kufika Bukavu, yake haishiki. Tukajaribu. Haikushika.

Jumanne, 11 Februari

Leo nimeogopa sawasawa.

Akina mama wa kanisani wananishonea mimi riziki, au tuseme mimi nawashonea wao sare za ibada yao ya Alhamisi, zile blauzi nyekundu zenye kola nyeupe. MaDlamini kaja kuchukua yake. Haijaisha. Mikono nimeitia, vifungo bado, pindo bado. Nikamwambia njoo Alhamisi asubuhi. Akasema ataimaliza nyumbani. MaDlamini! Mwanamke ambaye hajui kushona hata kifungo, na miaka yote ananitania kwamba nikifa atatembea uchi. Hakukaa. Kila siku anakaa.

Baada yake mama wa sare mbili za shule, naye achukue hivyohivyo. Kisha baba mmoja na suruali ambayo nimeikata tu, haijaunganishwa. Kaibeba vipande vipande kwenye mfuko wa plastiki.

Hakuna aliyesema kwa nini. Wote walikuwa wapole. Mtu anapochukua kwa upole nguo ambayo haijaisha, anajua jambo.

Jumatano, 12 Februari

Baba Zuhura anataka kumpigia tena Meja, arekebishe, aseme yale waliyoyakata. Simu imepokelewa na msichana. Kamwuliza jina na anataka kuzungumzia nini. Kasema. Msichana kasema asubiri. Kasubiri na simu sikioni, huku anamsikia Meja redioni anaongea na wengine, mpaka kipindi kikaisha na muziki ukaanza.

Mzee wa watu. Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Mbele yake vitambaa vimelala, hakuna cha kushona.

Alhamisi, 13 Februari

Meja katangaza matembezi ya Jumamosi. Ya amani, kasema. Wananchi watatembea hapa Jeppe kuangalia biashara, nani ni nani. Kasema yeye hamwambii mtu avunje sheria. Kasema mara mbili hivyo, kwa sauti ya kucheka.

Mwenye nyumba kapiga simu. Fungeni Jumamosi, kioo chake ni ghali. Hicho tu.

Furaha kasema Jumamosi ana bibi harusi, amemwahidi, atakuja. Nikamgombeza kama mdogo wangu wa tumbo moja. Akasema vitu vyake vyote viko hapa, kule anakolala ni chumba cha watu wanne, avipeleke wapi?

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Mwaka jana saluni ilijaa mpaka wateja wakakaa upande wetu juu ya marobota. Leo Furaha kakaa kwenye kiti cha wateja, anajitazama.

Baba Zuhura karudi toka msikitini na bendera. Ya Tanzania, ile ya kushangilia mpira. Kapanda kiti kaitundika dirishani, upande wa kushoto. Kaipima vizuri isivuke ubao. Fundi ni fundi.

Nikamwambia aiondoe. Nikamwambia haya huna? Kasema ana mke na binti. Kasema akitundika na kwa Furaha itakuwa uongo, na wao watajua, halafu tutaonekana wote waongo.

Furaha aliingia kuomba maji ya moto. Akaitazama. Akasema rangi zake nzuri. Akachukua maji akatoka.

Sikuiondoa. Kiti kilikuwepo palepale, na mimi si mfupi.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika usiku.

Zuhura tulimwacha nyumbani. Sisi tulikuja asubuhi, tumtoe Furaha na vitu vyake kabla hawajafika. Ndiyo, tulikuja. Hilo liandikwe. Bibi harusi hakutokea. Tulikuwa bado tunaifungua mashine ya kukaushia nywele ukutani nyimbo zikaanza kusikika toka upande wa robot, kwenye taa za barabarani. Nyimbo nzuri, jamani. Watu hawa wanajua kuimba.

Hatukuwahi. Nikamvuta Furaha upande wetu, nikamwingiza chini ya meza ya kukatia, nikateremsha kitambaa cha sare mpaka sakafuni. Nikasimama mbele yake na mkasi mkononi, sijui wa nini. Baba Zuhura akasimama mlangoni.

Hawakuwa wengi. Vijana kumi na kitu, wanawake wawili watatu, wengine wakabaki barabarani wanapiga picha. Fimbo. Mmoja nilimshonea suruali mwaka jana. Mkubwa wao aliongea Kiingereza, tena cha heshima. Akatazama bendera. Akamwuliza mume wangu kama yeye ndiye yule wa redioni. Baba Zuhura akasema ndiye. Yule akampa mkono! Akamwita Baba. Akamwuliza Mkongo yuko wapi.

Baba Zuhura akasema ameondoka. Hapo alisema uongo, na Mungu amlipe heri. Yule mtu akauliza, na vitu vyake?

Mume wangu akanyoosha mkono. Akasema, "Upande ule."

Vikavunjwa. Kioo, beseni la kuoshea, viti. Nywele za bandia zikatupwa barabarani, watoto wakazigombania. Ile mashine ikatoka na kipande cha ukuta. Kwetu hawakugusa hata sindano. Mmoja alipokosea akaegemea ubao, mwenzake akamwambia angalia, huku ni kwa Mzee.

Walipoondoka niliinua kitambaa. Furaha alikuwa amejikunja, macho makavu. Kila neno kalisikia, alikuwa hatua mbili kutoka mlangoni. Akatoka, akapangusa magoti. Tumezoeana miaka, mimi ni dada yake, huwa haniiti kingine. Akasema, "Aksanti, Madame." Akapita mbele ya Baba Zuhura akaenda.

Jumapili, 16 Februari

Zuhura kaiona video kwenye simu, baba yake anapewa mkono. Kafunga mlango wa chumba chake.

Habari zinasema Bukavu nayo imechukuliwa. Nimempigia Furaha. Inaita, haipokelewi.

Jumatatu, 17 Februari

Meja kasikitika. Kasema fujo hazijengi nchi, na kwamba wenye hasira wana sababu zao. Halafu akampongeza fundi mmoja wa Jeppestown, mgeni mwenye adabu, mfano kwa wengine. Wakamtafuta kwa simu aseme neno hewani. Simu ya Baba Zuhura ikaita juu ya meza ileile ya kukatia. Akaitazama mpaka ikanyamaza. Ikaita tena.

Usiku mzima jana nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Yana sumu. Nikamwona anavyoitazama simu ile, nikayameza. Kisha nikakasirika kwamba nimeyameza. Kama angenyamaza pale mlangoni wangeingia kote, wangeinua kitambaa, wangemkuta. Najua. Nimelipigia hesabu hilo kila upande na bado nachukia kumsikia akitafuna.

Redio kaizima mwenyewe.

Ijumaa, 21 Februari

Furaha kaandika. Yuko Diepsloot, kitongoji cha mbali huko kaskazini, kwa binamu yake. Mama yake mzima, kavuka mpaka na majirani. Nimelia kwa furaha, peke yangu, chooni. Nikamwandikia aje, tutamsaidia kuanza upya, upande wake upo. Kaona. Hakujibu.

Wateja wamerudi. MaDlamini kaleta blauzi, kaishona mshono kama wa gunia. Kakaa. Kaongea habari za mvua. Mimi nikaifumua.

Alhamisi, 27 Februari

Mwenye nyumba kaweka kioo kipya na katoa ubao. Kasema hapati mpangaji mwingine kwa sasa, tutumie sisi pande zote mbili, tutaelewana. Baba Zuhura kanitazama. Nikachukua ufagio nikafagia vumbi la ubao.

Kazi ni nyingi, Ramadhani inaingia, watu wanataka kanzu na madera. Cherehani cha pili hakina pa kukaa kule kwetu na marobota haya. Mchana tumekisogeza. Nimekaa pale Furaha alipokuwa akisimama. Kule kuna mwanga mzuri, sikujua. Uzi mweusi nauona bila miwani.

Alasiri kaingia msichana wa watu, kichwa kimefumuliwa nusu, kamwulizia Furaha. Nimemwambia msusi amehama.