Nilimpunguza Mdogo Wangu Sentimita Tano

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako maana jambo lenyewe siwezi kumwambia mkubwa wangu kazini wala mama yangu mzazi. Mimi ni koplo jeshini, mwaka wa nane sasa, na nimepewa kazi ya kuzunguka shule na vyuo kuwahimiza wasichana wajiunge, nami kazi hiyo naiamini kabisa, nawaambia gwanda halichagui, nawaambia nilikuwa naogopa hata panya na leo naendesha lori la tani kumi, wanacheka na wanakuja kujiandikisha. Siku ya usajili wasichana nawapima urefu mimi, kwa kuwa kwenye timu yetu mwanamke ni mimi peke yangu. Sasa mwaka jana kwenye foleni akatokea mdogo wangu wa mwisho, hata hakuniambia kama anakuja, akavua viatu akasimama kwenye ubao kanyooka, nikaona mia na sitini kwa macho yangu, na wanaotakiwa ni kuanzia mia na hamsini na saba, papo hapo nikamkumbuka rafiki yangu niliyekula naye kiapo, ambaye jeneza lake nililibeba kwa bega hili, basi mdomo ukanitangulia, nikaita, "Mia na hamsini na tano," karani akaandika, mdogo wangu akaambiwa arudi nyumbani.

Tangu siku hiyo kila asubuhi ananing'inia kwenye fremu ya mlango ili arefuke. Nipo likizo, tunalala chumba kimoja, namwona. Juzi kaniuliza, "Dada, wewe ndiye mtaalamu, nimeongezeka?" Nikamwambia kidogo. Usajili unafunguliwa wiki ijayo, kwa umri wake ndiyo nafasi ya mwisho, na mpimaji ni mimi tena. Nimewaza nimpime sawa safari hii aamini ni mlango uliomrefusha, yaishe. Au nimfelishe tena, abaki hai? Nimechanganyikiwa, Shangazi.

Koplo Mkosaji

Koplo, pole kwa kumzika rafiki yako. Hofu yako naielewa, hata mimi ningetetemeka. Pole yangu imeishia hapo.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wale wasichana uliowasomea kipimo sawasawa siku ile hawana dada zao? Kama kazi hiyo haifai, waambie wote. Kama inawafaa, inamfaa na wa kwenu. Chagua moja na ulisimamie.

Na hilo la mlango limenichekesha, halafu likaniudhi. Unataka msichana wa watu aingie jeshini akiamini alipungukiwa, wakati hakupungukiwa chochote? Huko mbele hawatakosekana wa kumwambia hafai. Wa kwanza kumwambia hivyo amekuwa dada yake, na hilo ndilo litakalomuuma zaidi.

Sasa sikiliza. Mwambie leo, mkiwa wawili tu, na usianze kujitetea kwa marehemu wala kwa mama. Sema ulichokiona na ulichokitamka. Akinuna siku tatu mwache anune, ana haki yake. Kesho mwandikie mkubwa wako, ukiri, na uombe mwanamke wa kikosi kingine aje apime. Wakikuvua cheo, kubali. Hapohapo mweleze kwamba mwanamke mmoja kwa usajili mzima hatoshi. Mngekuwa wawili, mwenzako angekutupia jicho tu, nawe ungesoma sawa.

Halafu rudi shuleni, ukiwa na cheo au bila cheo, uendelee kuwaita wasichana. Wakikuuliza kama kuna kufa, wajibu ndiyo, kisha waambie kwa nini wewe bado upo.

Mdogo wako hatari anaijua, amekua akimtazama dada askari, na bado alipanga foleni. Kwangu mimi huyo tayari ni askari, na wewe unamchelewesha kazini.