Sauti ya Theonest Inakwaruza

Jumatatu, 10 Juni 2024

Mume wangu amefariki jana asubuhi. Bado siamini nimeandika hivyo. Turubai limefungwa mpaka kwa jirani, Temeke nzima imo ndani kwangu, na mie sina hata kona ya kukaa peke yangu — haya naandikia chooni.

Shemeji Fredrick, kaka yake Theonest, katua mchana kutoka Bukoba. Hata pole hakunipa vizuri. Kasema mwili unasafiri Ijumaa, kwao mwanaume anazikwa kwenye kibanja cha baba yake, kwenye migomba, basi. Nikamwambia Theonest alitaka kulala Kigamboni, kwenye kiwanja chetu, karibu na mie na mtoto wetu Blessing. Aliniambia kwa mdomo wake! Kajibu ukoo hauendi kwa maneno ya mke.

Ndipo nikawatajia ile video. Alijirekodi kwenye laptop yake pale wodini, nilipokuwa nimemfuatia uji. Niliporudi akasema tu, yote nimeyasema humo. Sijawahi kuitazama. Moyo ulikataa.

Kesho wataisikia wote. Fredrick atanyamaza.

Jumanne, 11 Juni

Aibu niliyoipata leo!

Wifi Monica katoa wazo tuiunganishe laptop na spika za turubai, zile za kwaya, kila mtu asikie. Nikakubali haraka. Nilitaka hata wapita njia wasikie. Sura yake ikatokea, amekonda, midomo inacheza — na sauti ikatoka krrr, krrr, kama mafuta ya vitumbua yakiingia maji. Neno halishikiki hata moja. Kina mama wakaangua kilio. Bibi mmoja akasema marehemu amekataa, na watu wakaanza kupiga ishara ya msalaba.

Tukachomoa spika. Laptop yenyewe, vilevile. Earphone, vilevile. Nikafungua video ya ubatizo wa Blessing, na yenyewe inakwaruza. Hapo nikashusha pumzi. Siyo yeye. Ni mashine.

Jumatano, 12 Juni

Kikao cha ukoo. Baba yao mdogo, ndiye mkubwa wao hapa mjini, kaamua hivi: video ikisikika, linafuatwa neno la marehemu. Isiposikika mpaka kesho jioni, mie nitaapa mbele ya padri kwamba mume wangu aliniambia Kigamboni, na watamzika Kigamboni. Fredrick kanuna. Mie ndo nikaropoka kwamba itasikika, fundi atatafutwa. Sikutaka kuapishwa kama mwizi.

Nimeibeba mwenyewe mpaka kwa Aiman, fundi kompyuta wa Tandika. Mjane hatoki nje kabla ya maziko — Monica kanisema mpaka getini. Anisamehe. Aiman kaizima, kaiwasha, kajaribu programu nyingine ya kuchezea video. Wapi! Kasema spika ni nzima, ugonjwa uko ndani, niiache mpaka kesho. Nimekataa. Sauti ya mume wangu imo humo, nitaiachaje dukani kwa watu? Basi atakuja yeye.

Nimechoka. Macho yanauma.

Alhamisi, 13 Juni

Aiman kaja saa tisa. Tumekaa chumbani, mlango wazi, maana maneno ya msibani hayachelewi. Kumbe laptop ilijisasisha yenyewe siku zile Theonest yuko hoi, na ile programu inayoendesha sauti ikavurugika. Kaiondoa, karudisha ya zamani. Ubatizo wa Blessing ukasikika safi, mpaka maji yakimwagika. Nikamshika mkono kijana wa watu, nikalia.

Kanipa earphone, akatoka nje kunywa chai. Hajasikia chochote. Nimesikia mie tu.

Theonest anahema kwanza. Halafu:

"Kaka Fredrick, nirudisheni nyumbani, kwa baba. Mama Blessing atawaambia Kigamboni. Nilimkubalia tu asilie. Msimgombeze."

Basi. Ndiyo yote aliyosema.

Nimeirudia mara nne. Asilie! Miaka kumi na minne tunalala kitanda kimoja, tumekichagua kile kiwanja pamoja, na hakuweza kuniambia usoni. Nina hasira naye na yuko mochwari. Na mie ndiye niliyemwita fundi, kwa miguu yangu.

Nikibofya kufuta, itafutika. Kuapa naweza pia, na wala si uongo — aliniambia kweli, Kigamboni, ameushika mkono wangu. Padri hatauliza zaidi ya hapo.

Padri kafika. Nawasikia wakipanga viti. Fredrick kaja kusimama mlangoni, anauliza, "Shemeji, inasikika?"

Anauliza kwa upole leo. Earphone bado ziko masikioni. Nimeinamia daftari, najifanya sijamsikia, na yeye haondoki.