Unga Nilioukataa Matai

Sumbawanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa na baba amepata nafuu ya kile kikohozi. Mimi ni mzima, ila kwa baridi na upepo wa huku Ufipa sweta haivuliki hata mchana. Najua barua yangu iliyopita ilikutia wasiwasi, maana nilikuandikia kwamba huenda nikaachishwa kazi, na sikukueleza kisa. Sasa moyo umetulia, naweza kukusimulia.

Kiwanda cha kusaga nafaka cha hapa mjini kilikubaliana na kikundi cha akina mama wa parokia kule Matai. Akina mama watoe ulezi na maharage, kiwanda kiongeze karanga na kusaga vyote pamoja bila malipo. Mimi, kama Bibi Maendeleo, niwafundishe wazazi kuwapikia watoto uji huo. Huku ulezi mwingi huishia kwenye pombe, na watoto hupewa uji mtupu wa sembe. Wanashiba, lakini miguu inavimba na nywele zinageuka nyekundu.

Siku ya kwanza watu walijaa uwanja wa zahanati. Meneja wa kiwanda alikuja mwenyewe, na viongozi wa chama walikuwa wamekaa mbele. Uji ulipoiva nikauonja. Ulikuwa na uchungu. Nikampa Mama Yustina, kiongozi wa kile kikundi. Akautema.

"Karanga hizi zimenyeshewa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Zimeota ukungu."

Chuoni tulifundishwa kwamba karanga za namna hiyo huharibu maini, hasa ya mtoto. Nikamfuata meneja nikamwambia uji hautanyweka.

"Ndugu Bibi Maendeleo," akasema, "umenileta huku uniaibishe mbele ya chama? Ongeza sukari."

Mama, nilishika sufuria na Mama Yustina tukaumwaga uji wote. Kilichoniuma zaidi ni mama mmoja kijana, Anjelina, aliyekuwa amembeba mwanawe Gaspari, mtoto wa miaka miwili aliyevimba hadi macho hayafunguki vizuri. Aliniangalia akasema, "Kwa hiyo tumetembea bure." Nilimwomba mganga wa zahanati amlaze mtoto, wakampa maziwa yaliyokuwepo.

Kesho yake niliitwa ofisini, nikaambiwa niandike maelezo kwa nini nimemvunjia heshima meneja. Wiki mbili sikujua kama nifunge mizigo au nifungue daftari la kazi. Ndipo nilipokuandikia.

Siku moja meneja akaja ofisini kwangu, kofia mkononi. Alikuwa ameingia ghalani mwenyewe, akapanda juu ya magunia, akakuta paa linavuja palepale penye karanga.

"Nimezionja," akasema. "Ulikuwa na haki. Nimeshamwambia bosi wako." Akaongeza, "Na mimi nina watoto."

Nikamwambia kama anataka tuendelee, akina mama wachambue karanga wenyewe kabla hazijasagwa. Alikubali, na akatoa lori la kuwachukua Matai. Ungewaona, Mama, wamekaa kwenye sakafu ya kiwanda wakichambua na kuongea Kifipa, na wasagaji wakisubiri ruhusa ya Mama Yustina ndipo wawashe mashine.

Tuliporudi Matai na unga mpya, waliokuja walikuwa wachache. Sikuwalaumu. Anjelina alikuja. Alionja uji kwanza yeye, akakaa nao mdomoni kwa muda, kisha akampa mtoto. Tangu hapo nimekuwa nikienda kila wiki, na kila wiki watu wanaongezeka.

Juzi nilimkuta Gaspari ameketi peke yake kwenye mkeka, miguu imerudi kuwa miguu ya mtoto. Alipomaliza kikombe alikigonga chini na kulia. Nilidhani anaumwa. Anjelina akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, akasema, "Haumwi, Bibi. Anataka kingine." Nilijifanya nakwenda kuchota maji, nikafuta machozi huko nyuma ya zahanati.

Nisalimie baba, na shangazi Subilaga anayekusaidia shambani. Mwambie kaka Anyitike, mwalimu wetu, kwamba nilimaliza kuandika yale maelezo bila kosa la herufi. Na jirani yetu Mama Tusa mpe pole ya msiba.

Nakaa hukuhuku, Mama, na nina furaha.

Binti yako,
Atupele