Koti la Bwana wa Kambi

Kaka Ndahani,

Uliponipeleka kwa padri nijifunze kuandika, ulisema nitakuandikia ukiwa safarini. Basi naandika.

Mama alikataa uzikwe na lile koti ulilokufa umelivaa. Alilifungua vifungo mwenyewe, akakupaka udongo mwekundu na samli, ndipo tukakufunga katika ngozi ya ng'ombe. Kabla kilio hakijaisha, bwana wa kambi ya reli akatuma askari: koti ni mali ya kazi, lirudi. Mama akalitupia nje kwa teke. Ungecheka.

Kisha niliajiriwa mimi mahali pako, nishindane na wakimbiaji wa kambi nyingine. Nikaletewa koti lile lile, na tarbushi, na wembe wa kunyolea misuko. Kauli ya bwana unaijua: "Mkimbiaji wangu lazima aonekane ni wangu." Analipa, sikatai. Lakini amenunua miguu tu, kichwa changu hakukinunua. Na nani anakimbia jua la Ugogo akiwa amefungwa vifungo mpaka kooni? Wewe ulitii, ukaanguka karibu na Ihumwa. Wanasema ni moyo. Moyo gani, kaka, wewe uliyezoea kufukuza swala?

Jumapili nilikwenda mashindanoni nimejipaka udongo, misuko kichwani, njuga zako miguuni. Koti nililikunja vizuri nikaliweka mbele ya bwana. Akasema bila koti hakuna kazi. Nikamwambia haya, nikakimbia.

Nilifika wa kwanza. Lakini bila koti sikuhesabiwa; mbuzi wa ushindi akapewa Mrisho wa kambi nyingine aliyenifuata, yule Mrangi wa Kolo aliyezoea kukutania kwamba Wagogo mnakimbia kwa kuogopa kuoga. Mrisho alikuwa anahema, koti limelowa jasho. Akalivua, akamvalisha mbuzi, akafunga kifungo cha shingoni, akamsukuma kwa bwana. "Wa kwako ni huyu," akasema. "Aliyeshinda ni mtani wangu." Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Tumechapwa viboko wote wawili. Mgongo unaniuma ninapoandika, na wewe unaniuma zaidi. Kazi sina. Mrisho naye hana, yuko hapa kwetu, Mama anampikia ugali na mlenda huku anamsema hajui kula.

Lala, kaka yangu. Koti lile halitavaliwa tena na mtu wa nyumba hii. Jumapili tunakimbia tena, mimi na Mrisho, hata kama hatulipwi. Ukisikia njuga zinapita Ihumwa, usiulize ni nani. Ni zako.

Mdogo wako,
Chedego