Valvu ya Pikapu Yako

Baba yangu mpendwa, uliyelala nyuma ya nyumba yako kule Myanga,

Jumapili niliifungua injini ya pikapu yako nikiwa na hasira ya kuua mtu. Mtu mwenyewe ni mwanao, Wafula.

Mkewe, Naliaka, alifika kwangu Kitale Jumamosi jioni, jicho limevimba, mkono umening'inizwa kwa leso. Wafula alikuwa amempiga kwa mguu wa stuli. Kisa? Chai imepoa. Asubuhi akanipigia simu. "Nakuja kuchukua bibi yangu. Na wewe ni wifi yake, kazi yako ni kumrudisha, si kumficha." Ni kweli, Baba, kwetu wifi ndiye anayetumwa kumbembeleza mke arudi. Nyinyi wazee ndio mliopanga hivyo, na hamkuuliza mtu. Mimi nikaamua kumpeleka kwao Endebess kabla Wafula hajafika. Lakini pikapu ilitetemeka na kuzimika kila nilipoinua mguu kwenye mafuta, moshi mweusi ukatanda hadi kwa jirani.

Nilijua shida ni nini. Ni ile valvu inayorudisha moshi kwenye injini ukachomwe tena, ambayo masizi huikaba koo. Mafundi wa mjini huiziba kwa kipande cha bati wakasahau kabisa. Wewe ulikataa katakata. Kila baada ya mavuno uliitoa, ukakaa kwenye kigoda na petroli ndani ya sufuria kuukuu, ukaisugua kwa mswaki polepole huku mimi nimekushikia bolti kiganjani. Uliniita mama kwa sababu nina jina la mama yako. "Usilazimishe, mama. Chuma kikikataa, mwagia dizeli, ngoja." Nilikupenda sana siku hizo.

Halafu uliingia ndani ukanawa mikono, na mikono hiyohiyo ikamvunja Mama meno. Mama hakungojewa hata mara moja, Baba. Chuma ulikihurumia, yeye hukumhurumia. Tulikuwa chini ya meza mimi na Wafula, nikimziba masikio kwa viganja vilivyonuka petroli, na sikumziba vya kutosha.

Jumapili mimi pia sikutaka kungoja. Nilizipiga zile bolti kwa nyundo mpaka ngozi ya vidole ikachubuka na pembe za bolti moja zikaanza kuliwa. Ingekatika, safari imekufa. Nikamwagia dizeli, nikangoja huku nikitukana matusi ambayo ungenichapa kwayo. Ikalegea. Ndani masizi yalikuwa yameganda kama ukoko wa ugali, na kijiti kinachofungua na kufunga kilikuwa kimekwama wazi. Nikakwangua kwa bisibisi, nikasugua, petroli ikaniuma vidonda. Kila nilipokwangua niliuona uso wa Wafula. Mwishowe kijiti kikaruka kwa springi yake, tap, tap, nikaanza kuirudisha.

Nilikuwa nakaza bolti ya mwisho lango lilipopigwa teke. Wafula alinipita bila salamu, akamtoa Naliaka sebuleni akimvuta mkono uleule uliovunjika. Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Nikachukua spana ya magurudumu, nikampiga begani. Akamwachilia. Nikampiga tena, akaangukia mahindi niliyokuwa nimeanika. Nilifurahi, Baba. Nasema wazi, nilifurahi, na nilitaka kuongeza pigo la tatu, na Naliaka ndiye aliyenishika kiuno.

"Wacha, wifi! Utaua mtu! Tuende!"

Wafula hakuinuka. Alikaa pale kwenye mahindi akilia kama alivyolia chini ya meza. "Si Mama alipigwa miaka yote?" akasema. "Mbona hakuna mtu alikuja na gari kumtoa? Ati leo ndio mnajua?"

Niliwasha pikapu. Ikanguruma bila kutetemeka, tukamwacha hapo, tukashika barabara ya Endebess. Mama yake Naliaka alimpokea bila kuuliza swali hata moja, akaenda kuchemsha maji.

Kabla sijaondoka Mama akanipigia kutoka Myanga. Wafula alikuwa ameshamweleza. Nilijiandaa kukaripiwa, maana yeye ndiye aliyekuwa akitufundisha kwamba mjane halitupi boma la mumewe.

"Hiyo gari inatembea?" akauliza.

"Inatembea, Mama."

"Basi kesho ukuje unichukue pia. Nitabeba nguo tu."

Nimeenda, Baba, na sasa amelala chumba cha pili ninapokuandikia. Wakati wa kutoka nilimuuliza kama angependa kupita nyuma ya nyumba akuage. Alifunga mlango wa pikapu, akasema, "Endesha."

Kwa hiyo ninakuaga kwa niaba yetu sote wawili. Pumzika.

Ni mimi, binti yako uliyemwita mama.