Chini ya Chupa ya Chai

Changamwe,
Jumatatu, 12 Mei 2025, usiku

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumai umerudi salama kutoka bandarini Kipevu na mgongo haukukusumbua. Mimi mwanao ni mzima, ila usingizi tu. Salamu nazileta kamili kama kawaida, maana marehemu mama alisema kijikaratasi kisicho na salamu ni cha mwenye nyumba.

Baba, nina habari tamu. Leo mwalimu mkuu ametutangazia kwamba shule inafikiria kubadilisha saa ya kuingia. Badala ya kufika saa kumi na mbili na nusu, watu wanapiga miayo mpaka wanatoa machozi, tutafika saa mbili. Hebu piga hesabu. Wewe huingia hapa saa moja na robo. Mimi nitakuwa natoka saa mbili kasorobo. Tutakunywa chai pamoja, baba! Kila siku! Tangu uingie kazi ya usiku tunaishi kama wapangaji wasiojuana. Nikirudi jioni nakuta umetandika kitanda na umekwenda. Jumamosi nina masomo, na Jumapili nayo unalala mpaka Fancy wa chumba cha pili ananiuliza kama kweli nina baba.

Nimekuachia mahamri ya kwa Salha na mbaazi. Usile zimepoa, pasha.

Ni mimi mwanao,
Mweri


Changamwe,
Jumanne, 13 Mei, alasiri

Kwako mama yangu Mweri,

Marahaba, mama. Mimi niko salama kwa neema ya Bwana. Mgongo ni ule ule, maana kupanda makontena usiku kucha na kuyafunga vyuma si mchezo. Na wewe usichoke nikikuita mama. Jina la mamangu ndilo nililokupa, na yeye nilimwita hivyo mpaka mwisho.

Mbaazi nimekula, ahsante. Habari ya shule nimeisoma. Ni nzuri. Tutaona wakubwa watakavyoamua.

Usiku tia komeo mlangoni. Na Mama Fancy akikuita, itika abee. Amenilalamikia kwamba siku hizi unaitika "nini".

Ni mimi babako


Changamwe,
Ijumaa, 23 Mei, usiku

Kwako Baba,

Shikamoo, na pole na kazi. Natumai mvua ya jana haikukupata ukiwa juu ya makontena. Mimi sijambo, na Mama Fancy namwitikia abee mpaka mwenyewe amechoka.

Ule uamuzi, kumbe wakubwa wenyewe ni nyinyi! Kesho asubuhi wazazi wanaitwa shuleni kunyoosha mikono, wanaotaka saa mbili na wasiotaka. Tafadhali, toka kazini uende moja kwa moja. Usipite nyumbani, ukipita utasema unanyoosha miguu kidogo na habari itaishia hapo.

Mimi nimeshapanga. Jumatatu nitapika chai ya maziwa yenye tangawizi. Jumanne viazi karai. Utanieleza huko melini kukoje usiku, nami nitakueleza vituko vya kidato cha tatu, ambavyo havifai kuandikwa.

Kusema kweli, baba, nyumba hii ina kimya kibaya. Usiku ndege zikishuka uwanjani bati linatetemeka, nami nafurahi, naona angalau kuna watu wanapita. Tangu mama atutoke nimezoea kuijibu redio. Juzi mtangazaji alisema "habari za jioni", nikamwambia "nzuri, karibu". Cheka, lakini usisahau kesho.

Ni mimi mwanao,
Mweri


Changamwe,
Jumamosi, 24 Mei, alasiri

Kwako mama yangu,

Marahaba. Hali yangu ni njema.

Mkutanoni nilikwenda, na buti zangu za kazi miguuni. Wazazi wamekataa. Wengi wanatoka alfajiri kwenda viwandani, wanasema watoto watabaki na nani mpaka saa mbili. Wana haki yao. Basi saa ni ile ile.

Pole, mama. Nimekununulia embe, liko dirishani.

Ni mimi babako


Changamwe,
Jumatatu, 26 Mei

Baba,

Mama Fancy naye alikuwa mkutanoni. Anasema walipoambiwa wasiotaka wanyooshe mikono, wako ndio uliokuwa wa kwanza, tena juu kabisa. Nikamwambia amekufananisha. Akaniambia, nani mwingine alikuja na buti za bandarini?

Kwa nini?

Mweri


Changamwe,
Ijumaa, 30 Mei, alasiri

Kwako mama yangu Mweri,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Najua upo mzima kwa sababu nasikia kwa Mama Fancy, si kwa sababu umeniambia. Wiki nzima naingia nakuta chupa imejaa chai, nainyanyua, chini yake hakuna kitu. Mahamri lakini unaniachia. Bora ungeninyima mahamri.

Mama Fancy hakunifananisha. Ni mimi.

Unakumbuka likizo ya Aprili, asubuhi ile niliyorudi nikakukuta mezani? Nilikuuliza masomo vipi. Ukasema mazuri. Tukanywa chai. Nikakuuliza tena masomo vipi. Mara ya tatu ukatabasamu kidogo, ukaangalia pembeni, nami nikajifanya nasinzia. Sikuwa na usingizi, mama. Humu ndani mwenye maneno alikuwa mamako. Yeye alisema na wewe, akasema na mimi, mimi kazi yangu ilikuwa kucheka. Kwenye karatasi naweza, nafuta, naandika upya, hii yenyewe ni ya nne. Lakini nikikaa mbele yako unaniangalia kwa macho yake yale yale, unangoja niseme kitu, na mimi sina. Naona aibu. Mzee mzima namwogopa mwanangu mwenyewe!

Basi walipouliza nani hataki, nikafikiria kimya kile cha kila asubuhi, nikaona kitakuchosha, utanichoka. Mkono ukaenda juu. Sikufikiria kwamba wewe kimya unacho tayari, tena peke yako. Nimekukosea sana. Nisamehe, mama.

Mkutano umeshafungwa, siwezi kuurudisha. Lakini saa nne nyinyi mna mapumziko ya chai. Jumanne nikitoka kazini sitalala. Nitakuja langoni na chupa hii hii. Nitakachosema sikijui. Ukitaka, toka.

Ni mimi babako


Changamwe,
Jumanne, 3 Juni, alasiri

Kwako mama,

Natumai u mzima. Mimi mzima.

Nilikuja. Mlinzi alinipa nafasi kwenye benchi lake. Kengele ililia, wenzako wakatoka, ikalia tena, wakaingia. Chai niliinywa na mlinzi. Ni mtu wa Kaloleni, anakusalimu.

Kesho nitakuja tena. Na kesho kutwa.

Ni mimi babako


Changamwe,
Jumatano, 4 Juni, usiku

Baba,

Barua hii haina salamu. Tumeshasalimiana leo kwa midomo yetu, mbele ya mlinzi.

Jana nilikuwa dirishani ghorofani. Nilikuona tangu kengele haijalia. Ulimimina vikombe viwili, kimoja ukakifunika kwa kofia yako kisipoe, ukawa unawaangalia wasichana wote wanaopita, mmoja mmoja. Nilikuwa bado na hasira. Nikasema moyoni, akome. Halafu kengele ya pili ikalia, ukakifunua kile kikombe ukampa mlinzi, na hapo mimi ndiye niliyekoma. Nililia chooni mpaka Fancy akaja kunigongea.

Leo niliposema shikamoo ukasema marahaba, nilishtuka. Nilikuwa nimesahau kwamba sauti yako ni nzito hivyo. Kwenye barua zako nimekuwa nikikusomea kwa sauti yangu.

Ukaniuliza masomo vipi. Nikasema mazuri. Basi, tukanyamaza. Mie nilikuwa nangoja kile kimya ulichokiogopa nikione, wala sikukiona. Nilikuwa nakula hamri langu, bega lako liko hapa, lina harufu ya grisi, nikaona raha tu. Nilitaka kukwambia hivyo, nikageuka, kumbe umelala. Safari hii si kujifanya, ulikuwa unakoroma. Kichwa kikaniangukia begani na mdomo wazi, shule nzima inapita inacheka. Acha wacheke. Wote wameona kwamba nina baba.

Kengele ikalia nikakaa. Mlinzi akaniambia nenda, mtoto wewe, nitamwangalia. Nikakaa tena kidogo. Mwalimu wa hesabu amenisimamisha nje ya darasa, na pale nje nilikuona ukiamka, ukaangalia upande wangu wa benchi, ukaupapasa kwa mkono. Nilitaka kuita. Sikuweza, mwalimu alikuwa mlangoni.

Sasa hivi ndege imepita, bati limetetemeka, na wewe uko huko juu ya makontena. Nyumba ni ile ile. Redio sijaiwasha.

Kesho usinywe chai yote asubuhi. Tubakishie ya saa nne. Na ukisikia usingizi, lala tu, usione haya. Nitakuamsha kabla sijaingia darasani.

Ni mimi mamako,
Mweri