Mwenyekiti Aliyekataa Kupanga Balaa

Mshauri mpendwa, mimi si mtu wa kuomba msaada, maana tangu nishuke ndege hapa London bahati hunifuata kama paka wa jikoni, nimekula na mabalozi, na janga likiniona huvuka barabara, lakini safari hii nisaidie. Mimi ni mwenyekiti wa chama cha Wakenya hapa Walthamstow, kila Alhamisi tunawapikia wazee wetu ugali na sukuma wiki katika ukumbi wa kukodi, na wengine hawapati siku nyingine ya kula na mtu wa kuongea naye. Sasa mwaka jana katibu wetu Dinah, nesi mwenye huruma mpaka inakera, alisimama mkutanoni akasema tupange tutafanyaje ukumbi ukiungua au ukifurika, nami nikamwambia, "Dada, unatuitia balaa! Nani huchimba kaburi mgonjwa bado anakunywa uji?" watu wakacheka, tukafunga kwa maombi, funguo na namba za wazee nikabaki nazo mimi, kwa sababu mwenyekiti asiye na funguo ni mgeni tu.

Basi bomba likapasuka juu ya jiko, nikakimbilia kuokoa sufuria, simu ikachomoka mfukoni ikazama majini na namba zote, ukumbi ukafungwa. Alhamisi hakuna aliyeweza kuwapigia wazee wasije, wakasimama nje kwenye mvua, mzee Naftali na fimbo yake akaniuliza, "Kibet, leo hatuli?" na mimi, mimi huyu, nikaanza kupapasa mifuko kama natafuta funguo, ikabidi Jasmeet wa duka la viungo, mzaliwa wa Kisumu, awaite ndani awape chai. Tangu siku hiyo wazee wamejifungia majumbani, Dinah hanisemeshi, chama kinakufa nikikiona. Nifanyeje? Na ile bahati niliyoanza nayo ni uongo. Jiko la nyumbani kwangu Stratford liliungua mwaka juzi, nikalala sebuleni kwa Dinah mpaka likatengenezwa.

Kibet

Kibet ndugu yangu, pole, nawe nimekupenda bure. Lakini hebu kaa chini. Ulipounguliwa jiko ulipata sebule ya Dinah, halafu alipotaka kuwatafutia wazee sebule yao ukamcheka? Na hayo ya kuita balaa uache. Nyinyi mnachangia mfuko wa kusafirisha maiti mkiwa wazima na mnacheka, hakuna anayesema mnaita kifo. Bomba ndilo mnaloogopa kulitaja?

Leo hii nenda kwa Dinah. Usibebe maua, beba funguo za akiba, na useme "nisamehe" bila mzaha. Namba za wazee wawe nazo watu watatu, wajue pia nani ana sukari na nani hawezi ngazi. Mwombe Jasmeet chumba cha nyuma sasa, mkiwa wakavu, mkubaliane kabisa. Kisha uwafuate wazee nyumba kwa nyumba, ukianza na Naftali.

Halafu Alhamisi moja jifanyeni ukumbi umefungwa. Dinah aendeshe kila kitu. Wewe zima simu, keti katikati ya wazee, usiguse hata mwiko. Sahani ikifika mbele yako ikiwa moto, ujue chama kimepona. Isipofika, funga mdomo, shinda na njaa, na Alhamisi inayofuata mjaribu tena.